Hadi lini mfinyanzi atakula gaeni?

Kila anapofika mgeni mkubwa katika milima ya Usambara, mambo huwa ni yale yale. Vijana huitwa kutoka mashambani, hupangwa kandokando ya barabara, nao hucheza mdumange mpaka jasho likawatiririka licha ya baridi ya Magamba. Kando yao huwekwa meza iliyotandikwa kitambaa, na juu yake hupangwa vyungu viwili vitatu, vikapu na miiko ya mti. Mgeni hupita, hutabasamu, hushika chungu kimoja, huuliza kimetengenezwa na nani, hupigwa picha, kisha huingia garini. Vumbi likishatulia, ngoma hurudishwa ghalani, vyungu hurudi vichwani mwa wale waliovileta, na vijana hurudi kwenye viazi vyao. Baadaye taarifa ya ziara huandikwa, na ndani yake husomeka sentensi moja: vikundi vya sanaa vya vijana vilishiriki kikamilifu.

Sentensi hiyo ndiyo ninayotaka kuipinga leo. Kushiriki maana yake ni kupata sehemu. Kijana aliyepewa chupa ya soda na nauli ya kurudia kwao hakupata sehemu yoyote katika shughuli ile. Alitumiwa kama pambo, sawa na vitambaa vya rangi vilivyofungwa kwenye miti. Na jamii inayowafanya mafundi wake kuwa mapambo isishangae siku itakapotafuta fundi ikakuta pambo tu.

Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Wao walieleza jambo waliloliona: anayewatengenezea watu vyungu vizima, mwenyewe hula katika kigae. Hawakusema kwamba hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa. Sisi tumeigeuza methali hiyo kuwa sera. Tunawaonyesha wafinyanzi, wachongaji, wasusi na wapiga ngoma wetu, lakini hatuwafundishi. Na pale tunapowafundisha, hatuwatafutii wa kununua kazi zao. Maonyesho yasiyo na mafunzo ni pambo. Mafunzo yasiyo na soko ni udanganyifu. Mambo haya mawili ni kazi moja, na mahali pa kuifanya ni pale pale fundi alipo.

Si zamani sana nilikaa uwanjani kwa bibi mmoja mfinyanzi, katika kijiji kisicho mbali na Magamba. Katika milima hii ufinyanzi ni kazi ya wanawake, inayorithishwa kutoka kwa mama hadi kwa binti. Nilimwona akiuponda udongo, akiuchambua mawe kwa vidole, akiukanda kama unga, kisha akiuinua ukuta wa chungu kwa mikono mitupu, bila gurudumu, yeye mwenyewe akikizunguka chungu badala ya chungu kumzunguka yeye. Chungu hicho kilipaswa kukauka kivulini kwa siku kadhaa, kisha kichomwe uwanjani kwa kuni na nyasi. Siku ya kuchoma ikiwa na upepo mbaya, kazi ya juma zima hupasuka kwa saa moja.

Nilimwuliza ni nani anayejifunza kwake. Akanijibu: “Udongo upo, mwanangu. Mikono ndiyo iliyoshuka.”

Aliyezaliwa milimani anajua maana ya kushuka. Ni kushuka Mombo, kisha Tanga au Dar es Salaam. Wasichana kwenda kulea watoto wa watu wengine, na wavulana kwenda kuchuuza barabarani. Bibi yule hakuwalaumu. Alisema bei ya chungu chake haifiki bei ya sufuria ndogo ya dukani, na msichana mwenye akili timamu hawezi kujifunza kwa miaka mitatu kazi ambayo haitamnunulia kanga. Mimi niliondoka nikijua kwamba nimemsikiliza mwalimu aliyebaki bila mwanafunzi. Siku atakapoondoka duniani, hapatakuwa na kitabu cha kufungua.

Wako watakaosema kwamba huo ndio mwendo wa dunia: plastiki na alumini zimekwisha shinda, na kumlilia mfinyanzi ni kulilia siku zilizopita. Kauli hiyo inasikika kuwa ya kisasa, lakini milima hii yenyewe ina ushahidi wa kuikanusha.

Mwaka 1892 mtawala mmoja wa Kijerumani, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, aliona ua dogo la zambarau likichipua katika kivuli cha misitu ya Usambara. Alilipeleka Ujerumani kwa baba yake. Mwaka 1893 wataalamu wakalipa jina la kisayansi kutokana na jina lake, na mwaka huo huo likawekwa katika maonyesho ya maua mjini Ghent, Ubelgiji. Baada ya maonyesho halikurudishwa kichwani mwa mtu. Wakulima wa maua walilichukua, wakajifunza tabia zake, wakalizalisha, wakalibadilisha rangi na majani, wakafundishana na kuliuza. Leo ua hilo limo madirishani katika nyumba zisizo na idadi za Ulaya na Marekani, na wengi wanaolimwagilia maji hawajui Usambara iko upande gani wa dunia. Huku kwetu, aina nyingi za ua hilo zimo hatarini kutoweka mwituni.

Tazama basi tofauti. Ua letu lilipata maonyesho, likapata wataalamu wa kuliendeleza, likapata soko, likawa biashara ya dunia. Chungu chetu kilipata maonyesho tu. Na ua hilo la milima yetu, huko liliko, limekaa ndani ya chungu kilichofinyangwa na watu wengine. Ikiwa kitu kilichoota chenyewe kivulini kiliweza kukuzwa kiasi hicho, kuna sababu gani ya kuamini kwamba kazi ya mikono ya binadamu haikuziki?

Wala hatuwezi kusingizia ukosefu wa vyombo vya kazi. Tarehe 10 Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipolihutubia Bunge akiwa Rais wa kwanza wa Jamhuri ya Tanganyika, alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Tuyapime maneno hayo mawili yalivyokaa pamoja, utamaduni na vijana, kwa maana aliyeyaunganisha alijua kwamba utamaduni usio na kijana wa kuupokea ni kumbukumbu ya marehemu. Mwaka 1967 ikaja Elimu ya Kujitegemea, iliyokataa kutenganisha kichwa na mikono. Mwaka 1981 kikaanzishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho tangu mwaka 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Mwaka 1984 Bunge likatunga sheria ya Baraza la Sanaa la Taifa. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo lilikuwa limekwisha kuundwa tangu mwaka 1973, na Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi ikafuata mwaka 1994.

Vyombo hivyo ni vyetu, na vimefanya kazi inayostahili heshima. Lakini Bagamoyo ni safari ya siku nzima kwa basi kutoka Magamba, na msichana mfinyanzi hawezi kuubeba udongo wa kwao na bibi yake akaenda navyo chuoni. Huduma imejengwa kama kisima cha mjini: mwenye ndoo na nauli hukifikia, na mwenye kiu asiye na nauli husikia habari zake.

Hoja ya pili ya wapinzani ni kwamba sanaa ya jadi ni kipaji cha kuzaliwa, au siri ya ukoo, kwa hiyo haifundishiki. Hoja hii huvaa joho la heshima, lakini ndani yake ni uvivu. Edward Saidi Tingatinga alitoka kusini, akafanya kazi katika mashamba ya mkonge ya mkoa huu wa Tanga, kisha akaenda Dar es Salaam. Mnamo mwaka 1968 alianza kuchora wanyama na ndege kwenye mbao laini kwa rangi za kawaida za dukani. Mwaka 1972 akauawa kwa risasi ya polisi. Kwa hesabu hiyo alichora kwa muda wa miaka minne tu. Kama angekuwa amefanya kazi peke yake, mtindo wake ungezikwa pamoja naye. Lakini alikuwa amewaweka vijana kando yake, ndugu na marafiki, wakishika brashi na kujifunza kwa kutenda. Vijana hao waliendelea, wakafundisha wengine, na mwaka 1990 wakawa na chama chao cha ushirika. Leo jina la mtu huyo ni jina la mtindo unaojulikana duniani. Kipaji kilikuwa chake. Uhai wa kipaji hicho ulitokana na mafunzo.

Mwaka huo huo wa 1972 ilianzishwa Nyumba ya Sanaa mjini Dar es Salaam. George Lilanga alipofika hapo alianza kwa kazi ya ulinzi. Alipewa nafasi, vifaa na mahali pa kuonyesha kazi zake, na mwaka 1978 kazi zake zilionyeshwa Washington. Kabla ya hapo, ni wangapi waliompita mlinzi yule mlangoni wasijue wamempita nani? Na sisi ni akina Lilanga wangapi tunaowapita kila siku ya gulio mjini Lushoto?

Tukivuka mpaka tunakuta funzo jingine linaloumiza zaidi. Wakamba wa Kenya husimulia kwamba uchongaji wao wa biashara ulianzishwa na Mutisya Munge, aliyekuwa Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia akajifunza kwa wachongaji wa Kizaramo. Aliporudi kwao alifundisha, na waliofundishwa wakafundisha. Mwaka 1963 wachongaji wa Kikamba wa Mombasa wakaunda chama chao cha ushirika. Ufundi walijifunza kwetu, ila kujipanga hawakutungoja.

Tena kuna mfano unaomhusu mfinyanzi moja kwa moja. Huko Nijeria, Ladi Kwali alijifunza kufinyanga kijijini kwa shangazi yake, kwa mikono, kama wanavyojifunza mabinti wa Usambara. Mwaka 1954 aliingia katika kituo cha mafunzo ya ufinyanzi kilichokuwa Abuja ya wakati ule, mji ambao siku hizi unaitwa Suleja. Kituo hakikumwambia aache ufinyanzi wa kwao. Kilimpa tanuri la kuchomea na maarifa ya kukipaka chungu rangi ya kioo, naye akaendelea kukiinua chungu kwa mikono na kukichora nakshi za kwao. Kuanzia mwaka 1958 vyungu vyake vikaonyeshwa London. Leo picha ya mama huyo, akiwa kazini, imo katika noti ya naira 20. Na Mkenya Magdalene Odundo, ambaye vyungu vyake vimo katika majumba makubwa ya makumbusho ya dunia, alikwenda kujifunza katika kituo hicho hicho miaka ya 1970. Kituo kimoja cha wilaya, basi, kilitosha kulinyanyua jina la mwanamke wa kijijini mpaka kwenye fedha ya taifa lake.

Hoja ya tatu ni ile ya watalii: tuwaache vijana watengeneze vitu, watalii watanunua. Mtalii ni mgeni mwema, na fedha yake ni halali. Lakini mwaka 2020 maradhi ya korona yalipozuia ndege, kila aliyekuwa akimtegemea mtalii peke yake alijua maana ya kumtegemea mpita njia. Soko la kwanza la chungu cha Usambara linapaswa kuwa sisi wenyewe. Niliingia katika ofisi moja ya umma milimani humu, nisiyoitaja, nikakuta mezani maua ya plastiki katika chombo cha plastiki. Nje ya dirisha maua ya kweli yalikuwa yakichanua bila kulipwa. Ofisi hiyo ndiyo hualika vikundi vya sanaa vya vijana mgeni anapokuja! Kasumba haikuondoka na mkoloni. Imebadili makazi tu, na siku hizi hukaa mezani petu ikifutwa vumbi kila asubuhi.

Nanyi ndugu zangu walimu, msifikiri mmesalimika. Katika shule niliyosoma mimi kulikuwa na somo la stadi za kazi. Tuliagizwa kila mmoja alete ufagio, na muhula uliofuata kila mmoja alete chungu kidogo. Mama yangu alikwenda sokoni akanunua. Nilipata alama nzuri sana. Aliyekifinyanga chungu kile hakupata alama yoyote, wala hakujua kwamba siku hiyo alifanya mtihani na kufaulu kwa jina la mtoto wa mtu mwingine. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa kwamba kazi ya mikono ni kitu cha kununuliwa na kuonyeshwa kwa mwalimu.

Mtaala ulioanza kutekelezwa mwaka 2024 umeleta mkondo wa amali katika elimu ya sekondari. Ni nafasi ambayo tuliingoja kwa muda mrefu. Lakini amali isiyokuwa na udongo mikononi itakuwa stadi za kazi kwa jina jipya. Magamba si mahali pa gizani. Ndiko kilikoanzishwa, mwaka 2007, Chuo Kikuu Kishiriki cha Sebastian Kolowa, kilichojulikana kwa kuwaandaa walimu wa elimu maalumu. Milima iliyoweza kuwaandaa walimu wa kuwafundisha watoto wenye ulemavu haiwezi kushindwa kumweka mfinyanzi mbele ya darasa.

Basi nini kifanyike? Kwanza, mafundi wazee watambuliwe kuwa walimu, nao walipwe kama walimu wa muda. Bibi hana cheti, lakini tusimwombe cheti mtu ambaye yeye ndiye kitabu. Shule imwalike, impe wanafunzi, nayo halmashauri impe posho isiyomlazimu kuirudia mara tatu ofisini.

Pili, darasa liwe huku huku milimani, karibu na udongo. Mashimo ya udongo yatengwe katika mipango ya matumizi ya ardhi ya vijiji, kabla hayajajengewa nyumba. Msitu wa Magamba ni hifadhi ya mazingira asilia, na ni haki ulindwe, maana ndio chanzo cha maji yetu. Kwa hiyo mafunzo yawe pamoja na kupanda miti ya kuni na ya kuchongea, na kujenga tanuri linalotumia kuni chache kuliko moto wa uwanjani. Fundi asigeuzwe adui wa msitu kwa sababu tu hakuna aliyekaa naye kupanga.

Tatu, maonyesho yabadilike tabia. Kila kazi inayowekwa mezani iwe na jina la aliyeitengeneza, kijiji chake na bei. Pawepo na daftari la kuagizia, na mtu wa kulifuatilia baada ya mgeni kuondoka. Ukifika wakati wa Nane Nane pale Morogoro, au Sabasaba pale Dar es Salaam, banda la wilaya lisipeleke vyungu bila wafinyanzi. Aende kijana mwenyewe, aone kazi za wenzake, asikie mnunuzi anasemaje, arudi akiwa amejifunza. Kwake yeye maonyesho ni darasa.

Nne, mikopo ifuate mafunzo. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, utaratibu uliositishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Ni utaratibu mzuri. Lakini kumpa kijana fedha bila kumpa ufundi, hesabu na soko ni kumkopesha deni. Afisa utamaduni na afisa maendeleo ya jamii wakae meza moja, wakubaliane ni kikundi gani kimefundishwa, kinatengeneza nini, na ni nani atakayenunua. Nao mnunuzi wa kwanza awe ofisi zao wenyewe.

Vijana nao nisiwapake mafuta kwa mgongo wa chupa. Chungu kibovu hakiwi kizuri kwa sababu kimeitwa cha asili, wala ngoma isiyofanyiwa mazoezi haiwi utamaduni kwa kupigwa kwa nguvu. Anayetaka kuheshimiwa kama fundi akubali kukosolewa kama fundi. Kumwonea huruma msanii ni njia nyingine ya kumdharau. Tunachodai kwa ajili yake ni mwalimu, vifaa, mahali pa kazi na mnunuzi. Jasho ni lake.

Watumishi wenzangu wa umma, hakuna hata moja kati ya mambo haya linalosubiri mfadhili kutoka ng'ambo. Yanasubiri barua moja ya mwalimu mkuu kwa bibi mfinyanzi, kikao kimoja cha halmashauri, na meza moja ya ofisi iliyoondolewa maua ya plastiki. Wahenga wale wale waliosema juu ya kigae walisema pia kwamba udongo uwahi ungali maji. Udongo wa Usambara bado una maji. Mikono inayoujua bado ipo, lakini imezeeka. Mgeni mkubwa mwingine atakuja, na meza itatandikwa tena. Siku hiyo akishika chungu na kuuliza kimetengenezwa na nani, ajitokeze msichana wa Magamba mwenye udongo kucha, ajibu kwa sauti kwamba ni yeye, amtaje bibi aliyemfundisha, kisha amwambie bei.